Umeumizwa na bidhaa mbovu? Mwongozo kamili wa kudai fidia, tangu siku ya ajali hadi malipo

Kitu kikishalipuka, kuvunjika au kushika moto, jambo la kwanza watu hufanya ni kufagia. Majeruhi anakimbizwa hospitali, na aliyebaki nyuma, kwa nia njema kabisa, anachukua ufagio, anakusanya vipande, anafuta sakafu na kufungua madirisha harufu itoke. Mgonjwa anarudi na kukuta pamesafishwa, na ushahidi wake wote umeshakwenda jalalani.

Kesi ya bidhaa mbovu haifanani na kesi ya kugongwa barabarani. Kule huwa kuna walioona. Hapa mara nyingi ulikuwa peke yako, na kilichoharibika kiliharibika ndani ya chuma, ndani ya betri au ndani ya plastiki, mahali ambapo jicho halifiki. Shahidi aliyekuwepo ni kitu chenyewe. Kikipotea, linabaki neno lako dhidi ya kampuni yenye maabara na mawakili. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye utunzaji wa hicho kitu kabla sijagusa sheria. Sheria inaweza kusubiri wiki moja, jalala halisubiri.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mwongozo huu unakupa njia ya kufuata na maswali ya kumuuliza wakili wako.

Hospitali kwanza, na uangalie kinachoandikwa

Nenda ukatibiwe hata kama jeraha unaliona dogo. Mwili unahitaji hivyo, na zaidi ya hapo, pengo la siku kadhaa kati ya ajali na matibabu litakuja kutumiwa dhidi yako: watasema uliumia kwingine.

Ukiwa mbele ya daktari, mweleze kilichokuumiza na namna kilivyokuumiza, kisha mwombe ayaandike maelezo hayo kwenye faili. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Ameungua usoni." Ya pili: "Ameunguzwa usoni na mvuke baada ya kifuniko cha sufuria ya presha kufyatuka kikiwa bado kimefungwa." Jeraha ni lilelile, lakini ya pili imeandikwa siku ileile na mtu asiye na maslahi, kabla hujafikiria fidia wala wakili. Mwaka mmoja baadaye sentensi hiyo itakuwa na uzito kuliko kiapo chako.

Omba nakala ya kila karatasi: cheti, picha za eksirei, majibu ya vipimo, dawa ulizoandikiwa, risiti. Piga picha jeraha siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku chache, mahali penye mwanga uleule, na uweke rula pembeni ili ukubwa uonekane. Anza pia daftari. Andika usiku uliokosa usingizi, kazi uliyoshindwa kuifanya, nani alikuogesha, nani alikubeba. Maumivu husahaulika haraka kuliko tunavyodhani, na hakimu hawezi kulipa alichosahau mdai mwenyewe.

Kutunza kitu kilichokuumiza

Kabla hakijasogezwa, piga picha. Anza kwa mbali ili chumba chote kionekane, kisha sogea. Pande zote za kitu, soketi kilikochomekwa, alama za moshi ukutani, vipande vilivyoruka na umbali viliporukia. Halafu tafuta kibandiko: jina la mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho ya kifaa (serial number), namba ya toleo la uzalishaji, tarehe ya kutengenezwa. Namba ya toleo watu wengi huipuuza, na ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba bidhaa zilizotoka kiwandani pamoja na yako zina tatizo hilohilo.

Baada ya hapo usikisafishe, usikitengeneze, usikichomeke tena "kuona kama bado kinafanya kazi", na usikifungue. Tuseme ni ngazi ya alumini iliyokatika mguu ukiwa juu yake. Mkono utakuwasha kuchukua vile vipande viwili na kuvikutanisha ili uone palipoachia. Usivikutanishe. Uso wa mahali palipokatika una mistari midogo ambayo mtaalamu wa metali huisoma kwa hadubini. Mistari iliyopangana kama mawimbi ya ufukweni humwambia kwamba ufa ulianza zamani na ukawa unatambaa kidogo kidogo kila ngazi ilipobeba uzito. Uso wa namna nyingine humwambia kwamba mguu ulikatika mara moja kwa kuzidiwa. Ukivisugua vipande hivyo pamoja hata mara moja, unaifuta mistari hiyo kwa mkono wako. Funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini, andika kilitoka upande gani, weka kwenye boksi kavu. Metali usiifungie kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu, maana kutu itakula ushahidi.

Betri iliyovimba au kuungua ni hatari hata baada ya moto kuzimika, kwa sababu inaweza kuwaka upya. Iweke nje ya nyumba, juu ya kitu kisichoshika moto, mbali na watoto, na umwombe mtaalamu aichukue mapema. Chakula au kinywaji kibaki kwenye chombo chake na kiwekwe kwenye friza. Dawa au kipodozi kitunze na kopo lake, kifuniko chake na karatasi ya maelezo. Kifaa chenye programu ndani yake usikisasishe wala kukirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, maana kumbukumbu za ajali zinaweza kuwa humohumo.

Kusanya pia boksi, kijitabu cha maelekezo, risiti, ujumbe wa kuagiza na uthibitisho wa malipo. Kama uliona tangazo lake mtandaoni, lipige picha ya skrini leo, pamoja na tarehe. Matangazo hubadilishwa. Bidhaa ya aina hiyohiyo ikiwa bado inauzwa na uwezo unao, nunua moja uitunze bila kuifungua, mtaalamu atahitaji kitu cha kulinganisha.

Sasa usikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupoteza. Muuzaji atakuambia kwa upole: "Irudishe tu, tutakubadilishia." Pengine anamaanisha mema. Lakini kitu kikishatoka mikononi mwako kinaweza kutupwa, kurudishwa kiwandani au kufunguliwa na watu ambao wewe huwajui. Mjibu kwamba unakitunza kwa sababu umeumia, na kwamba yuko huru kuja kukitazama. Hata kampuni ikitangaza kurudishwa kwa bidhaa hiyo, ongea na wakili kabla hujaipeleka. Tangazo la aina hiyo haliui dai lako, mara nyingi huliongezea nguvu.

Mtengenezaji akiomba kuipima, ana haki ya kuiona. Iwe kwa maandishi, mtaalamu wako awepo, na kipimo chochote cha kukata au kuharibu kisifanyike mpaka pande zote mbili zikubaliane kwa saini. Kila kitu kikibadilisha mikono, andika nani amekichukua, lini, kikiwa katika hali gani. Mahakama nyingi humwadhibu anayeharibu ushahidi, na adhabu hiyo inaweza kukuangukia hata wewe uliyeumia.

Ubovu unaozungumzwa kisheria

Bidhaa kukuumiza peke yake hakutoshi. Kisu kikali kikikukata hakijawa kibovu. Kinachotakiwa ni kasoro, na kwa kawaida kasoro hupangwa katika mafungu matatu.

Kuna kasoro ya utengenezaji, pale mchoro ulipokuwa sawa lakini kiwandani kimoja kikaharibika: ribiti haikukazwa, uchafu ukaingia. Kuna kasoro ya usanifu, pale kila kimoja kilichotoka kiwandani kina hatari ileile kwa sababu kilibuniwa vibaya. Hapa utaulizwa kama kulikuwa na namna salama zaidi ya kukibuni iliyowezekana. Na kuna kasoro ya maelezo, pale hatari isiyoonekana kwa macho haikutajwa, au ilitajwa kwa herufi zisizosomeka, au kwa lugha ambayo wanunuzi waliolengwa hawaijui.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni ni mifuko ya hewa ya magari iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Baruti ya kuujaza mfuko gesi ilikuwa ya nitrati ya amonia, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevunyevu iliharibika, na mfuko ulipofunguka ukarusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekani peke yake takriban mifuko milioni 67 iliitwa irudishwe. Dereva hakuwa na njia yoyote ya kuiona kasoro hiyo, na gari lilikuwa linaendeshwa kila siku bila tatizo. Kwa hiyo ukiambiwa "lakini ulikitumia miaka mitano bila shida", usinyamaze ukidhani umeshindwa.

Njia tatu za kudai

Ya kwanza ni mkataba. Kama uliinunua mwenyewe, muuzaji alikuahidi, hata bila kusema, kwamba inafaa na ni salama kwa matumizi yake. Ni njia rahisi kuithibitisha, lakini mara nyingi inamfaa mnunuzi tu.

Ya pili ni uzembe, na hii haihitaji uwe umenunua. Msingi wake unajulikana kwa kila mwanafunzi wa sheria. Agosti 1928 mama mmoja, May Donoghue, alikaa kwenye mkahawa wa mji wa Paisley, Scotland, rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo ndani. Baada ya kunywa kiasi, soda iliyobaki ilipomiminwa, alisema konokono aliyeoza alitoka pamoja nayo, na akaugua. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, maana aliyelipa ni rafiki. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Ukiwa umezawadiwa, umeazima, au ulikuwa unapita tu kitu kikalipuka, bado unaweza kudai.

Ugumu wa njia hii ni kwamba lazima uonyeshe mtengenezaji alizembea, na wewe hukuwepo kiwandani. Hapo inaingia njia ya tatu: dhima, yaani wajibu wa kulipa, isiyohitaji kuthibitisha uzembe. Mwaka 1963 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliamua kesi ya Greenman, mtu aliyezawadiwa na mkewe mashine ya useremala. Kipande cha mbao kiliruka kutoka kwenye mashine kikampiga kwenye paji la uso, na wataalamu wakaonyesha kwamba skrubu za kushikilia hazikufaa. Mahakama ikasema mtengenezaji anawajibika akiingiza sokoni kitu chenye kasoro kinachoumiza mtu, awe alizembea au hakuzembea. Ulaya ilifuata kwa agizo la mwaka 1985, na Uingereza kwa sheria ya mwaka 1987, inayopima kasoro kwa usalama ambao watu kwa jumla wana haki ya kuutarajia. Kwa njia hii unathibitisha mambo matatu: kasoro, madhara, na kwamba kasoro ndiyo iliyoleta madhara.

Muulize wakili njia zipi zipo nchini mwako. Mara nyingi zinaweza kudaiwa pamoja katika hati moja ya madai.

Nani wa kumdai

Andika majina ya wote ambao bidhaa ilipitia kwao: aliyetengeneza kipuri, aliyeunganisha, aliyeweka nembo yake, aliyeingiza nchini, msambazaji, muuzaji. Usimkubalie anayekuambia "sisi hatukutengeneza hicho kipande". Mwaka 1916 huko New York, kampuni ya magari ya Buick ilitoa hoja hiyo baada ya gurudumu la mbao, lililotengenezwa na kampuni nyingine, kuvunjika na kumrusha dereva nje. Mahakama ilisema Buick ilipaswa kulikagua kabla ya kuliuza gari.

Mtengenezaji akiwa ng'ambo, usikate tamaa. Sheria nyingi humhesabu mwingizaji kana kwamba yeye ndiye mtengenezaji. Chini ya sheria ya Uingereza, muuzaji akiulizwa ni nani aliyemletea bidhaa na asijibu ndani ya muda wa kuridhisha, dhima inaweza kumwangukia yeye. Kwa hiyo barua yako ya kwanza kwa muuzaji iwe na swali hilo: jina na anwani ya mtengenezaji, mwingizaji na aliyemuuzia yeye. Itume kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Watakayokujibu

Jiandae mapema. Watasema uliitumia vibaya, uliibadilisha, fundi aliifungua, ulipuuza onyo, au kasoro haikuwepo ilipotoka kiwandani. Baadhi ya sheria zinamruhusu mtengenezaji kujitetea kwamba elimu ya wakati ule haikuwezesha mtu yeyote kuigundua hatari hiyo.

Mwambie wakili wako ukweli wote, hasa ule unaokuumiza. Kama uliwahi kubadilisha waya, aujue leo kuliko kuusikia kwa mara ya kwanza mahakamani. Na kosa dogo la upande wako kwa kawaida hupunguza fidia, halifuti dai lote. Tena matumizi yasiyo sahihi lakini yanayotarajiwa, kama mtoto kutia kidude kidogo mdomoni, mtengenezaji alitakiwa ayafikirie.

Muda

Kesi nzuri kabisa hufa kwa kuchelewa. Uingereza muda ni miaka 3 tangu kuumia au tangu ulipojua ukweli muhimu, na kuna ukomo wa miaka 10 tangu bidhaa ilipoingizwa sokoni. California ni miaka 2. Agizo jipya la Ulaya la mwaka 2024, litakalohusu bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, linaihesabu programu ya kompyuta kuwa bidhaa, na linaruhusu hadi miaka 25 kwa madhara yanayochelewa kujitokeza.

Kwa mtoto, nchi nyingi huanza kuhesabu anapofikia utu uzima. Lakini tahadhari: katika nchi nyingi kuzungumza na kampuni hakusimamishi saa. Kampuni inaweza kukupigia simu za upole mwaka mzima, na siku muda ukiisha simu haipokelewi. Kupeleka malalamiko kwenye shirika la viwango au mamlaka ya kulinda walaji nako hakusimamishi saa. Peleka hata hivyo, kwa sababu yanaweza kuleta uchunguzi rasmi na kumwokoa mwingine.

Wakili, mtaalamu na hesabu ya fidia

Tafuta wakili aliyewahi kuendesha kesi za majeraha, na umuulize wazi: nani atalipia mtaalamu? Mhandisi, mkemia au daktari bingwa ndiye atakayeisemesha bidhaa mbele ya hakimu, na gharama yake mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Uliza ada inahesabiwaje, kama kuna malipo kwa asilimia ya kitakachopatikana (baadhi ya nchi zinakataza), na ukishindwa utalipa gharama za upande wa pili au la. Makubaliano yawe ya maandishi.

Katika hesabu weka matibabu yaliyopita na yajayo, kipato kilichopotea, uwezo wa kuchuma uliopungua, nauli, vifaa vya kusaidia, mali iliyoharibika, na maumivu. Ndugu aliyeacha shughuli zake kukuuguza, saa zake nazo ziandike, mahakama nyingi huzilipa. Bei ya bidhaa yenyewe wakati mwingine haidaiwi kwa njia ya dhima, inarudishwa na muuzaji kwa njia ya mkataba.

Usikubali kiasi chochote kabla daktari hajasema hali yako ya mwisho. Kwa mtoto aliyeungua jambo hili ni zito mno. Kovu la moto halikui pamoja na mwili wake, hivyo linaweza kumvuta kiungo kadiri anavyorefuka, akahitaji upasuaji wa kuliachia tena na tena. Mzazi anayesaini mwezi wa tatu anauza operesheni ambazo bado hazijajulikana.

Barua ya madai

Iwe fupi na ya ukweli mtupu. Kiini chake kinaweza kusomeka hivi:

"Tarehe fulani, saa fulani, nilikuwa natumia bidhaa yenu modeli fulani, toleo namba fulani, kwa kufuata maelekezo. Kifuniko kilifyatuka kikiwa kimefungwa na mvuke ukaniunguza uso na mkono wa kulia. Nimeambatanisha taarifa ya daktari na picha. Bidhaa ninayo na haijaguswa. Mnaweza kuikagua kwa makubaliano ya maandishi. Naomba mtunze kumbukumbu zote za usanifu, vipimo na malalamiko yanayofanana na haya. Nadai fidia kama ilivyochanganuliwa hapa chini, na nategemea majibu yenu ndani ya siku kadhaa zilizotajwa."

Usitukane, usitishie, usikisie sababu ya kitaalamu ambayo mtaalamu hajaithibitisha. Mazungumzo ya suluhu yakianza, barua zake ziandikwe juu "bila kuathiri haki", ili ulichokubali kwa ajili ya amani kisije kusomwa kama ungamo. Na mitandaoni nyamaza. Picha moja ukicheka harusini inatosha kuwafanya waseme huna maumivu.

Mahakamani, au suluhu

Kesi nyingi humalizwa kabla ya hukumu. Bado kuna sababu ya kufungua shauri, kwa sababu huko ndiko kampuni inakoweza kulazimishwa kutoa nyaraka zake. Katika kesi ya gari la Ford Pinto, lililowaka moto mwaka 1972 baada ya kugongwa nyuma, ushahidi wa kilichojulikana ndani ya kampuni kuhusu tangi la mafuta ulilifanya baraza la wazee wa mahakama mwaka 1978 kutoza dola milioni 125 za adhabu. Jaji alizipunguza hadi milioni 3.5. Fidia za adhabu za namna hiyo ni jambo la nchi chache. Kama mmeumia wengi kwa bidhaa moja, uliza kuhusu kesi ya pamoja, mtagawana mtaalamu na gharama.

Suluhu ikifikiwa, hati utakayoletewa itasema unaachilia madai yote. Isome neno kwa neno na wakili. Angalia kama inafuta hata madhara ambayo hayajajitokeza, kama inakufunga mdomo usiwaonye wengine, kama inataka uikabidhi bidhaa, na fedha zitalipwa lini. Malipo ya mtoto katika nchi nyingi lazima yapitishwe na mahakama na yatunzwe kwa jina lake.

Boksi lako la ushahidi liache palepale lilipo mpaka fedha ziingie kwenye akaunti na muda wa rufaa upite. Hapo mwandikie wakili umuulize kama unaweza kulitoa, na jibu lake alitoe kwa maandishi.